Mwokota Mifupa na Ikama ya Serikali: Jibu kwa Mzee wa Bwejuu

Wiki mbili zilizopita nilikuwa Bwejuu, barazani kwa mzee mmoja aliyestaafu utumishi wa Serikali, ambaye kwa heshima yake sitamtaja jina. Maji yalikuwa yamekupwa, kinamama wakirudi na magunia ya mwani, nasi tukizungumza yale ambayo wazee na walimu huzungumza wakutanapo: skuli, ajira, na bei ya vitu. Binti yake wa mwisho, aliyemaliza kidato cha sita, akatoka ndani, akaniamkia, kisha akasema jambo ambalo bila shaka lilikuwa limekwishaleta maneno nyumbani. Alisema anataka kusomea visukuku, yaani mifupa na mabaki ya viumbe vya kale yaliyogeuka mawe, na kwamba siku moja angependa kufanya kazi makumbusho.

Mzee hakugomba. Alinigeukia kwa upole wa mtu aliyekaa ofisini miaka mingi, akasema: “Mwalimu, mimi elimu siikatai. Lakini najua mtu huajiriwa kwa nafasi iliyomo kwenye ikama, haajiriwi kwa mapenzi yake. Niambie wewe uliyesoma: akishaijua hiyo mifupa, ataripoti ofisi gani?”

Nilifungua kinywa, kisha nikakifunga. Nilitafuta kichwani ofisi ya kumtajia, sikuipata. Tukanywa kahawa, tukahamia mazungumzo mengine, lakini swali lile limenifuata hadi Mjini. Makala haya ndiyo jibu langu kwa mzee, na nayaandika hadharani kwa sababu naamini hakuniuliza mimi peke yangu. Alituuliza sote tunaofundisha, tunaopanga bajeti na tunaotia saini mafaili.

Nianze na ukuta aliouegemea. Nyumba ile, kama nyumba nyingi za kale za mwambao wa mashariki wa Unguja, imejengwa kwa jiwe la matumbawe na chokaa. Jiwe hilo lilikuwa mwamba hai wa baharini zaidi ya miaka laki moja iliyopita, zama ambazo bahari ilipanda juu kuliko ilivyo leo. Atazamaye kwa makini ataona humo umbo la tumbawe, ganda la chaza, na pengine kombe zima lililofumbata. Kila nilisikiapo jina la Bwejuu, sikio langu hulikamata lile neno “bwe”, jiwe. Watu wa huko wamezaliwa, wamelala na wamezikwa juu ya visukuku. Yule binti hajaleta uzushi wa kigeni nyumbani kwa baba yake. Ameuliza tu ukuta wa kwao umetengenezwa na nini.

Na ukitoka Bwejuu, ukapita Paje, ukafika Jambiani, lipo pango la Kuumbi. Tangu mwaka 2005, alipochimba pale Profesa Felix Chami wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na baadaye timu nyingine za watafiti, pango hilo limetoa zana za mawe na mifupa ya wanyama ambao leo hakuna mtu wa Unguja aliyewaona wakitembea kisiwani: pundamilia, nyati, na jamaa zao wa bara. Walifikaje? Walikuja kwa miguu. Yapata miaka elfu ishirini iliyopita maji mengi ya dunia yalikuwa yameganda barafu, na bahari ilishuka zaidi ya mita 100. Mlango wa bahari kati ya Unguja na bara ni wa kina kifupi, kwa hiyo ulikuwa nchi kavu. Barafu ilipoyeyuka maji yakapanda, Unguja ikawa kisiwa, na wanyama wale wakubwa wakatoweka mmoja baada ya mwingine. Sisi tunaogombana kila uchaguzi juu ya bara na visiwa tungefaidika kujua kwamba swali la Unguja na bara lina umri mkubwa kuliko vyama vyetu, na kwamba ushahidi wake umelala Jambiani, mwendo wa gari usiofika hata nusu saa kutoka barazani pale.

Mzee atasema: hadithi tamu, lakini haijalipa mshahara. Ni kweli. Basi nimtajie mtu aliyeishi kwa kazi hiyo.

Kamoya Kimeu alizaliwa Ukambani nchini Kenya, katika miaka ya mwisho ya 1930. Masomo yake yaliishia skuli ya msingi. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 alijiunga na kundi la vibarua wa Louis na Mary Leakey kule Olduvai, Tanganyika. Alianza kibarua, lakini ilidhihirika upesi kwamba ana jicho ambalo hakuna chuo kinachoweza kuligawa: jicho la kukitambua kipande cha mfupa katikati ya maelfu ya mawe ya rangi ileile. Wahenga wamesema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Kamoya aliinama kwa karibu nusu karne, juani, akitembea hatua kwa hatua juu ya nchi kame za Afrika Mashariki.

Mwaka 1964, kule Peninj karibu na Ziwa Natron, ndiye aliyeliona taya la chini la zamadamu wa aina ileile ya fuvu alilolipata Mary Leakey Olduvai tarehe 17 Julai 1959. Mzanzibari aisome habari hii kwa makini. Fuvu lile Louis Leakey alilipa jina Zinjanthropus boisei. “Zinj” ni jina la kale ambalo Waarabu waliiita pwani yetu, na ndilo lililomo ndani ya jina Zanzibar. “Boisei” ni kwa heshima ya Charles Boise, mfadhili wa utafiti. Kwa hiyo jina la kiumbe kile lilibeba pwani yetu kwa mkono mmoja na mwenye fedha kwa mkono mwingine. Fuvu la Olduvai halikuwa na taya la chini. Aliyetuonyesha taya la jamii ile lilivyokuwa ni Kamoya, na jina lake halikuingizwa humo.

Aliendelea. Mwaka 1967 alikuwa bonde la Omo, Ethiopia, ambako yeye ndiye aliyegundua mabaki ya mmoja wa binadamu wa kale zaidi wa aina yetu sisi wenyewe. Mwaka 1984, magharibi mwa Ziwa Turkana, mahali paitwapo Nariokotome, siku ambayo wenzake walikuwa mapumzikoni, alijinyoosha miguu kandokando ya korongo kavu akaokota kipande kidogo cha fuvu. Uchimbaji uliofuata ukatoa kiunzi kilichokaribia kukamilika cha kijana aliyeishi yapata miaka milioni moja na nusu iliyopita, ambaye dunia nzima inamjua kwa jina la Mvulana wa Turkana. Mwaka uliofuata Kamoya alipokea nishani ya chama cha National Geographic kutoka mkononi mwa Rais Ronald Reagan, Ikulu ya Marekani. Wataalamu wamempa jina lake nyani mmoja wa kale, na jamaa mwingine wa nyani wameita Kamoyapithecus. Mwaka 2021 Chuo Kikuu cha Case Western Reserve cha Marekani kilimtunuku shahada ya heshima ya udaktari. Alifariki Julai 2022.

Haya yote hutajwa katika taazia. Lililo muhimu kwa mjadala wetu ni jambo ambalo taazia hulipita haraka: mwaka 1977 Makumbusho ya Taifa ya Kenya yalimpa Kamoya cheo cha mhifadhi wa maeneo ya kale ya nchi nzima. Hapo ndipo kipaji kilipogeuka kazi. Jicho la Kamoya lilikuwepo kabla ya 1977, lakini jicho halina pensheni. Taasisi ya umma ilitamka kwamba kazi anayoifanya mtu huyu ni kazi, ina jina, ina ofisi, ina vijana chini yake wa kuwafundisha. Lile kundi alilolisimamia likawa chuo kisicho na ukuta, na mamia ya visukuku vilivyomo Nairobi vimepita mikononi mwao.

Hata hivyo, tusiifanye hadithi hii kuwa sukari tupu. Mkuu wa makumbusho yale, tangu 1968 hadi 1989, alikuwa Richard Leakey, mwana wa Louis na Mary. Richard naye hakuwa na shahada ya chuo kikuu. Aliacha skuli akiwa kijana. Watu wawili wasio na shahada walitembea katika jangwa moja, wakila chakula kimoja. Mmoja aliitwa mwanasayansi, akaandika vitabu na kuongoza taasisi; wa pili, kwa miaka mingi, vitabu vilimwita msaidizi. Sisemi hivi kumdharau Richard Leakey, ambaye aliisimamisha taasisi ile na hakuficha kwamba Kamoya ndiye aliyeona. Nasema ili tuone kwamba “mwanasayansi” na “kibarua” si maneno yanayopima akili. Mara nyingi yanapima nani alizaliwa ndani ya nyumba na nani aliingia kwa mlango wa uani.

Kusini mwa nchi yetu ushahidi ni mzito zaidi, kwa maana halisi ya uzito. Kati ya 1909 na 1913, kilima cha Tendaguru, nyuma ya Lindi, kilichimbwa na msafara wa Wajerumani chini ya Werner Janensch na Edwin Hennig. Vita vya Maji Maji vilikuwa vimekwisha miaka michache tu kabla, na nchi ilikuwa bado ikiuguza majeraha ya njaa. Mamia ya watu wa kusini walichimba mifupa ya dinosaria, wakaifunga, wakaibeba vichwani na mabegani safari ya siku kadhaa hadi bandarini Lindi. Zaidi ya tani 200 zilivuka bahari. Mmoja kati ya viunzi hivyo amesimamishwa Berlin tangu 1937, urefu wake unapita mita 13, na watoto wa Ulaya wamekua wakimtazama kwa vizazi vinne.

Mnyapara mkuu wa kazi ile aliitwa Boheti bin Amrani. Yeye ndiye aliyejua kuupanga uchimbaji na kuutoa mfupa mzima bila kuuvunja. Kwa ujuzi ule, angezaliwa Berlin angekufa mhifadhi wa makumbusho. Ilimchukua dunia hadi 2007 kumpa dinosaria mmoja jina la Australodocus bohetii, na hadi 2019 kumpa mwingine jina la Wamweracaudia keranjei, kwa heshima ya Wamwera na ya Mohammadi Keranje, mmoja wa waliofanya kazi ile. Nafurahi kwa heshima hizo. Lakini jina la Kilatini lililokuja karne moja baadaye halikumsomesha mtoto wa Boheti, wala halikuacha Lindi meza ya kazi ambayo mjukuu wake angeirithi.

Sasa nieleze kazi yenyewe, kwa kuwa wengi hudhani mtaalamu wa visukuku ni mtu wa kofia na sururu. Kuokota ni mwanzo tu. Mfupa ukifika makumbusho lazima usafishwe kwa sindano na brashi, pengine kwa miezi, uimarishwe kwa gundi, upewe namba, uandikwe ulipatikana wapi, tabaka gani, siku gani na mkono wa nani. Lazima utengenezewe nakala za plasta, utunzwe mbali na unyevu na wadudu, na utolewe kabatini kila mtafiti anapokuja. Kisha, na hapa ndipo wengi hushindwa, lazima uelezwe kwa mwananchi aliyelipa kodi: kwa mwanafunzi wa darasa la tano, kwa mkulima wa mwani, kwa sheha, kwa mtalii. Kila hatua kati ya hizo ni ajira ya mtu mwenye ujuzi. Nchi inayosema ina visukuku lakini haina watu hao ni kama mtu anayejisifu kuwa na kisima ilhali hana kamba wala ndoo.

Hapa Zanzibar jambo hili lina jeraha lake. Makumbusho ya Amani pale Mnazi Mmoja yalifunguliwa mwaka 1925, na yalijengwa yawe skuli ya umma ya historia na viumbe vya nchi hii. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit el Ajaib, jumba lililosimama tangu 1883 na lililokuwa limefanywa makumbusho ya historia na utamaduni, iliporomoka likiwa kwenye matengenezo, na watu wawili wakapoteza maisha. Tuliomboleza jengo, na ilikuwa haki. Lakini jengo hujengwa upya kwa saruji na fedha za wahisani. Mhifadhi mwenye uzoefu wa miaka thelathini akistaafu bila mrithi, hakuna mkandarasi wa kumjenga tena.

Najua hoja itakayonijia, na ni hoja nzito: hospitali zinahitaji dawa, skuli zinahitaji madawati, nawe unatuletea habari za mifupa? Nitajibu kwa mambo mawili. Kwanza, bahari. Watu wa Bwejuu wanaitazama fukwe yao ikiliwa, na wakulima wa mwani wanaona maji yakizidi kuwa ya moto. Kumbukumbu ya jinsi bahari hii ilivyopanda na kushuka, na jinsi matumbawe na wanyama walivyostahimili au kuangamia, haimo katika hotuba ya waziri wala ripoti ya mfadhili. Imo ndani ya jiwe. Asiyeweza kulisoma ataletewa tafsiri na wengine, kwa lugha ya wengine, na kwa maslahi ya wengine.

Pili, ujenzi. Kila siku mwambao huu unachimbwa kwa misingi ya hoteli na machimbo ya mawe ya kujengea. Kila shimo ni ukurasa unaofunguliwa na kuchanwa papo hapo. Sisemi ujenzi usimame. Vijana wanakula humo. Nauliza tu: nani amepewa kazi ya kusimama ukingoni mwa shimo dakika chache na kutazama? Mtu huyo halazimiki kuwa profesa. Kamoya hakuwa. Anahitaji kufundishwa, kulipwa, na kuwa na mahali pa kupeleka alichokiona.

Na nani asemaye sayansi hii haiwezi kusema Kiswahili? Mwaka 2010 kiumbe wa kale aliyepatikana kusini mwa Tanzania, ndugu wa karibu wa dinosaria, alipewa jina la Asilisaurus kongwe. Mwaka 2019 dinosaria wa bonde la Rukwa akaitwa Mnyamawamtuka moyowamkia: mnyama wa mto Mtuka, mwenye pingili ya mkia iliyofanana na moyo. Majina hayo yamo katika majarida ya dunia, na maprofesa wa kila taifa hulazimika kuyatamka. Itakuwa aibu mtoto wa Bwejuu awe wa mwisho kuyasikia, ilhali ndiye wa kwanza kuyaelewa bila kamusi.

Basi nipendekeze mambo ambayo mtumishi anayesoma hapa anaweza kuyaandika kwenye dokezo kesho asubuhi. Muundo wa utumishi wa makumbusho na mambo ya kale, Bara na Visiwani, uwe na ngazi inayoeleweka ya kazi za visukuku, kuanzia fundi msafishaji hadi mhifadhi mkuu, na mlango wa kupanda kwa ujuzi wa mikono uwe wazi kama ule wa vyeti. Kila mfupa unaoingia kabatini uandikwe jina la aliyeuona, awe mvuvi, mchimba msingi au mwanafunzi. Kila kibali cha utafiti cha wageni kiambatane na sharti la kumfundisha kijana wa hapa hadi amalize, na maelezo ya matokeo yaandikwe kwa Kiswahili na kurudishwa kijijini yalikotoka. Na watoto wa skuli za Bwejuu, Paje na Jambiani wapelekwe Kuumbi wakiwa na mwalimu anayejua la kuwaambia, kabla hatujawapeleka watalii.

Hakuna hata moja kati ya haya linalohitaji ndege wala mkopo wa nje. Mishahara ya mafundi wachache ni kitu ambacho kasma yoyote inaweza kukibeba, kama mwenye kalamu ataamini kuwa ni kazi.

Na wewe binti, kama unasoma hapa: njia ipo, ingawa ni nyembamba. Emma Mbua na Fredrick Kyalo Manthi, wote wawili madaktari wa fani, wamefanya utafiti ndani ya makumbusho yaleyale ya Nairobi alikofanya kazi Kamoya. Mtanzania Jackson Njau, aliyezisoma alama za meno ya mamba kwenye mifupa ya Olduvai, ni profesa katika Chuo Kikuu cha Indiana, Marekani. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kimekuwa kikifundisha akiolojia tangu miaka ya 1980. Anzia hapo. Jifunze jiolojia, jifunze anatomia, na usione haya kujifunza kwa fundi asiye na cheti.

Mzee wangu, nakuomba radhi kwa kunyamaza siku ile. Jibu la kweli ni kwamba leo siwezi kukuandikia kwenye karatasi jina la ofisi ambayo binti yako ataripoti. Lakini wewe uliyetumikia Serikali unajua kuliko mimi kwamba nafasi za ikama hazishuki kutoka mbinguni. Kuna siku hapakuwa na ofisa wa utalii, hapakuwa na ofisa wa mazingira, hapakuwa na ofisa wa mwani. Kisha mtu mmoja akaandika dokezo, mwingine akalipitisha. Uliniuliza ataripoti wapi. Nami nakuomba, kwa kuwa bado unawajua waliobaki ofisini, utusaidie kuuliza swali hilohilo kwa wale wanaoweza kulijibu, kabla binti hajajaza fomu ya kitu kingine.